Mahua hayasubiri kengele

Kabla sijaenda India kuna kitu kimoja nilikuwa nakijua vizuri sana, nacho ni kengele. Nimezaliwa maeneo ya Peramiho kule Ruvuma, nyumbani saa ya ukutani hatukuwa nayo ila kengele ya abasia ilitutosha, ikilia mama anajua muda wa kuinjika uji umefika, ikilia tena sisi watoto tunajua tumeshachelewa shule. Afu nikaingia utawani, huko ndo kabisa, kengele ya kuamka, kengele ya masifu, ya chakula, ya kimya, ya kulala. Mlezi wetu wa unovisi alikuwa anasema kengele ni sauti ya Mungu, ukiisikia acha hata neno ulilokuwa unaliandika katikati. Na mi niliacha kweli, ukisoma barua zangu za kipindi kile utakuta maneno hayajaisha.

Januari 2011 nikatumwa India, nikiwa na nadhiri za kwanza na cheti changu cha unesi, najiona niko kamili kabisa. Dar mpaka Mumbai kwa ndege, Mumbai mpaka Ranchi kwa treni siku moja na nusu hivi, kutoka Ranchi basi kuelekea Gumla, halafu kale ka gari ka matairi matatu kama bajaji lakini kanabeba watu kumi na mbili na mbuzi, mwisho miguu. Jimbo linaitwa Jharkhand, maana yake nchi ya misitu, wamejitenga na Bihar mwaka 2000 tu. Kijiji chetu kilikuwa cha Waadivasi, wenyeji wa asili wa ile nyanda ya juu ya Chotanagpur, wengi wao kabila la Oraon na Wamunda wachache.

Lugha nilijipa moyo mwenyewe. Kwenye treni nasikia watu wanasema dawa, na ni dawa kweli. Sabuni ni sabun, hesabu ni hisab, kalamu ni kalam, safari ni safar, habari ni khabar, dunia ni duniya, tayari ni taiyar. Nikasema hawa ni ndugu zetu wa pwani, Mwarabu na Mwajemi walipita kwao wakapita na kwetu, miezi mitatu nitakuwa naongea kama nimezaliwa huku.

Shida ikaja kwenye ukoo. Kihindi mama ni mjomba. Nani ni bibi mzaa mama. Kaka ni baba mdogo. Dada ni babu mzaa baba, ingawa pale kijijini kwetu walimwita hivyo kaka mkubwa. Na babu sasa, babu ni mtoto mdogo wa kiume unayembembeleza, au karani wa ofisini, inategemea. Siku ya kwanza nimepata mtandao nikapiga simu nyumbani nimesimama uani, nikawa napiga kelele kama tunavyopiga wote tukiwa mbali, "Mama! Mama! Dada yupo? Nani? Nani?" Wasichana wa bweni walikuwa wanachambua mchele pale barazani, wakaanza kuanguka mmoja mmoja kwa kicheko mi sielewi kuna nini. Kumbe kwao sista mgeni anaita mjomba, mjomba, kaka mkubwa yupo? Bibi? Bibi? Mpaka naondoka kuna mmoja akiniona tu anasema "nani nani" anakimbia.

Halafu nikagundua kitu kingine kibaya zaidi, kwamba wazee wa pale hata Kihindi chenyewe hawakitumii sana, wao ni Kikurukh nyumbani na Kisadri sokoni, kwa hiyo mi nilikuwa nakesha na kitabu cha lugha ambayo wagonjwa wangu wenyewe wanaipata kwa taabu. Na hiyo ya Kihindi yenyewe neno kal ni jana na ni kesho pia. Unamuuliza mama homa ilianza lini, anakwambia kal. Miezi sita ya kwanza nesi mwenye cheti kazi yangu ilikuwa kukunja magazeti ya zamani kuwa bahasha za vidonge. Nilikunja kwa hasira, ila nilikunja vizuri.

Nyumba yetu tulikuwa wanne. Mkubwa wa jumuiya alitoka Kerala, kusini kabisa, mama wa miaka kama hamsini na tano, mnyoofu, mtu wa ratiba. Wa pili nitamuita Sista Mzee tu maana ndivyo tulivyokuwa tunamuita, mwenyeji, Mworaon, mkunga, alikuwa amezalisha nusu ya watu tuliokuwa tunasali nao Jumapili. Wa tatu alikuwa na bweni la wasichana. Na mi. Nyumba ya matofali, bati, nyuma zahanati ya vyumba viwili, bustani, kisima, ng'ombe wawili wenye roho mbaya. Saa kumi na nusu alfajiri kengele. Tafakari, masifu, padri akifika na pikipiki misa, chai na roti, yaani chapati zao, kila mtu kazini. Jioni masifu tena, rozari, chakula, na kama umeme upo tunakaa pamoja dakika arobaini, kama haupo tunakaa pamoja gizani dakika arobaini zile zile.

Watu huwa wananiuliza kama masista wanagombana. Jamani, weka wanawake wanne wa nchi mbili na lugha tano kwenye jiko moja. Mkubwa alikuwa na hamu ya samaki na nazi miaka yote, wenyeji wanaona nazi kwenye mboga ni kama kuweka marashi kwenye chakula, na mi natafuta ugali. Kulikuwa na mambo mazito zaidi ya chakula pia, nani anapelekwa kusoma, nani anapewa ukubwa, wa kusini au mwenyeji, hayo sitayaandika marefu ila yapo na anayesema hayapo hajaishi huko. Sista Mzee alikuwa akiona maneno yanapanda anakumbusha historia kidogo, kwamba mwaka 1897 pale Ranchi mabinti wanne Waadivasi walianzisha shirika lao wenyewe, Mabinti wa Mtakatifu Anna, aliyewaongoza anaitwa Bernadette Kispotta, na wakati ule hata wamisionari wengine hawakuamini kwamba msichana wa kijijini anaweza kukataa kuolewa akakaa utawani. Anasema hivyo afu anaendelea kumenya vitunguu. Mkubwa ananyamaza.

Ugali sikuupata ila nilipata ulezi. Asubuhi moja nimetembelea nyumba ya jirani, mwenye nyumba akaninawisha mikono kwa maji ya kwenye lota ya shaba kama desturi yao, akaniwekea roti nyeusi nyeusi kwenye sahani ya majani ya mti wa sal iliyoshonwa kwa njiti. Nikaonja. Nikaacha kutafuna. Madua wanaita, ni ulezi, ule ule wa uji wa mama yangu. Baadaye nikaja kusoma kwamba ulezi asili yake ni huku kwetu, nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, ulivuka bahari kwenda India zamani sana. Basi sikuwa wa kwanza kutoka huku kwenda kule, na aliyenitangulia alishazoeleka.

La rangi nalo niseme. Mjini na kwenye treni nilitazamwa, nilipigwa picha bila kuulizwa, kuna siku nilikaa kiti cha watu watatu peke yangu safari nzima na watu wamesimama. Kijijini ilikuwa tofauti kidogo, maana wenyewe wanadharauliwa na watu wa mjini kwa weusi wao huo huo. Bibi mmoja mwenye tattoo za zamani kwenye paji la uso alikuja kipimo cha presha, akaweka mkono wake sambamba na wangu juu ya meza, akautazama muda, akamwambia Sista Mzee kwa Kikurukh kitu wakacheka wote wawili. Nikauliza kasema nini. Kasema, "Leo hapa ndani mi ndo mzungu."

Na sari. Mita tano na nusu za kitambaa na huna zipu wala kifungo. Mwezi wa saba mvua za masika yao zimekolea, wanawake wanapandikiza mpunga, matope mpaka magotini, tukawa tunavuka kijito kwenda kumuona mjamzito. Nikakanyaga pindo. Ilifunguka yote taratibu kama bandeji, ikaanza kwenda na maji, mi nimeshika koti la chini kwa mkono mmoja na boksi la dawa kichwani kwa mwingine. Wanawake waliacha mpunga wakaja kunifunga upya katikati ya shamba wanaimba. Tangu siku hiyo nilitumia pini saba.

Jioni moja ya giza Sista Mzee akatusimulia habari za Birsa Munda. Kijana wa Kimunda, alisoma kidogo shule ya wamisionari wa Kijerumani, baadaye akasimama kupinga ardhi ya watu wake kuchukuliwa na mabwana wa mashamba na serikali ya Waingereza. Vita vyake vilipamba moto mwisho wa 1899 kuingia 1900, akakamatwa, akafia gerezani Ranchi Juni mwaka huo akiwa na miaka kama ishirini na mitano. Wafuasi wake, anasimulia, waliamini risasi za adui zitageuka kuwa maji.

Nikamwambia rudia hapo. Akarudia. Mi mtu wa Songea, pale mjini kwetu kuna makumbusho, Februari 27 mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga wazee wetu sitini na saba kwa siku moja, vita vya Majimaji, na babu zetu nao waliambiwa hivyo hivyo, risasi zitakuwa maji. Miaka mitano tu tofauti na bahari nzima katikati, hakuna aliyempigia mwenzake simu. Niliwasimulia kwa Kihindi changu kibovu, na sijui kama niliwahi kusikilizwa vile tena katika maisha yangu, mpaka Mkubwa akasahau kupiga kengele ya kulala.

Ndo nikaanza kuelewa kwa nini foleni ya zahanati nusu yake hawakuwa wagonjwa. Mtu anakaa zamu yake, anafika mezani, anatoa kwenye mfuko wa plastiki makaratasi ya shamba. Kanisa la pale lilishika mizizi hivyo. Mwaka 1885 alifika padri Mbelgiji, Mjesuiti, Constant Lievens, akajifunza lugha za wenyeji na sheria za ardhi, akawasaidia watu kwenye kesi zao dhidi ya wenye mashamba, na watu wakamfuata kwa maelfu. Mwaka 1908 ikatoka sheria ya kuzuia ardhi ya Waadivasi isiuzwe ovyo kwa watu wa nje. Kwa hiyo sista kwao ni mtu wa kusoma karatasi kwanza, sindano baadaye. Mi niliyekuja na sindano nilichelewa kujua.

Sasa nifike kwenye mahua.

Wakati ule dawa za kifua kikuu India zilikuwa zinatolewa mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, na lazima mhudumu ashuhudie mgonjwa anameza. Kila mgonjwa mpya ana boksi lake jekundu lenye dozi zake zote za miezi sita, jina lake limeandikwa juu, boksi linakaa kabatini zahanati linamsubiri. Nilipewa hilo kabati Februari 2012, kazi yangu ya kwanza ya maana. Nililipenda lile kabati. Kila boksi likipungua naweka tiki kwenye kadi.

Kulikuwa na mama wa miaka thelathini hivi, watoto watatu, alianza dawa mwezi huo huo wa pili, alikuwa anakuja vizuri tu. Ilipofika katikati ya Machi akaacha. Jumatatu hakuna, Jumatano hakuna, wiki ya pili akaja Ijumaa saa sita mchana zahanati imeshafungwa kwa ajili ya sala ya mchana. Jumatatu iliyofuata akaja saa nne, kachoka, ana majani kwenye nywele. Na mi nikamsema. Mbele ya foleni nzima nikamsema, unataka kufa uache watoto, dawa hizi za serikali unazichezea, sisi tunakaa hapa tangu saa mbili tunakusubiri wewe, nikasema kwa sauti na kwa Kihindi, lugha ambayo vitenzi vya mwanaume na vya mwanamke havifanani, na nusu yake nilivitamka kama mwanaume. Hakujibu. Alivuta ncha ya sari akafunika uso, akameza vidonge vyake, akaondoka. Foleni kimya. Nilijisikia nimefanya kazi.

Sista Mzee alikuwa chumba cha pili anasikia kila kitu. Hakusema neno siku ile wala kesho yake. Usiku wa kuamkia Jumatano nimelala nikasikia mtu ananigusa mguu, saa tisa kasoro. "Vaa viatu," akasema. "Chukua boksi lake."

Tukatoka na tochi. Nje ya kijiji, kupita mashamba ya mpunga ambayo kipindi hicho ni makavu, kuna miti mikubwa imetawanyika, na kabla hujaiona unainusa, harufu tamu nzito, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi mtu kazifungia kwenye kabati. Mara ya kwanza waliponiambia mahua nilidhani wamejifunza Kiswahili wananiambia maua. Na kweli ni maua. Chini ya kila mti pamefagiliwa, majani makavu yamechomwa ili ardhi ibaki safi nyeusi, na juu yake yanadondoka, meupe ya maziwa, manene, yana maji, ukubwa wa zabibu. Tap. Tap. Tap tap. Yanaanza usiku wa manane yanaisha jua likichomoza vizuri, wiki chache tu kwa mwaka. Kila mti una familia yake. Ukichelewa mbuzi na ng'ombe wanakula yote, na saa zingine dubu, maana dubu wa kule wanayapenda sana na kuna watu wameraruliwa, ndo maana wanaenda kwa makundi na moto. Yanaanikwa siku tatu nne, yanakuwa kahawia kama zabibu kavu, mengine yanaliwa, mengine wanapikia pombe, mengine yanauzwa, na hela ile ndo chumvi, mafuta, daftari za watoto. Mwezi wa nane ghala likiwa tupu na mpunga bado mbichi ni mahua yatamfikisha mtu Novemba.

Yule mama alikuwa amechuchumaa chini ya mti wake na watoto wawili, wa tatu amelala kwenye kapu. Alituona akasimama haraka kama mtu aliyekamatwa anaiba. Sista Mzee hakumsalimia hata "Jai Yesu" ya kawaida, alichuchumaa tu akaanza kuokota. Mi nikabaki nimesimama na boksi. Baada ya muda akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama, nikampa boksi, akamwekea yule mama vidonge kwenye kiganja na chupa ya maji, akameza, wakaendelea kuokota. Hakuna hotuba. Niliokota mpaka kumi na mbili na nusu, mgongo unawaka, vidole vinanata sukari, na kapu langu halikujaa hata nusu wakati mtoto wa miaka saba pembeni yangu alishajaza la pili. Tulipokuwa tunaondoka nikamwambia yule mama nisamehe. Nikalikosea hilo neno pia. Akanirekebisha, akanifanya nirudie.

Kumbe tangu saa tisa usiku yuko pale, akitoka anaenda kuanika, kuchota maji, kupikia watoto, na kutembea kilomita nne kuja kwetu, halafu akifika mlango umefungwa kwa sababu watumishi wa Mungu wanasali.

Tulirudi masifu yameisha. Mkubwa amesimama mlangoni na kitabu chake. Kwa mara ya kwanza niliona Sista Mzee ameulizwa swali na amejibu kwa kirefu, na sikuelewa yote ila nilielewa kwamba anaomba zahanati ifunguliwe mchana badala ya asubuhi mpaka mahua yaishe, na siku tatu za dawa sista mmoja aende mitini. Mkubwa akakataa. Alisema leo ni mahua, Juni ni mpunga, Novemba mavuno, tukianza kusogeza sala tutasogeza mpaka isibaki. Sio mjinga Mkubwa, alikuwa na hoja, nimeona nyumba ambazo sala ilisogezwa hivyo hivyo mpaka ikaisha. Wakaachana hapo.

Ijumaa saa tisa usiku natoka na boksi langu, namkuta Mkubwa kwenye ngazi amevaa raba na sweta. Hakusema kitu. Tulitembea watatu. Kule mitini giza bado, kina mama wamejifunga tochi na vibatari, vimulimuli vya taa kila mti, yeye akasimama pembeni anaangalia muda mrefu sana mpaka nikadhani anaumwa. Halafu akasema, kama vile anaongea na mtu mwingine, "Baba yangu aligema mpira saa hizi. Na taa kichwani." Kerala ndivyo wanavyofanya, mti wa mpira unagemwa alfajiri kukiwa na ubaridi ili utomvu utoke vizuri, jua likiwaka umeshachelewa. Alisema utotoni hakuwahi kumuona baba yake kwenye misa ya asubuhi siku za kazi hata siku moja na aliona aibu kwa ajili hiyo, paroko alikuwa anauliza. Akachuchumaa na magoti yake mabovu yale.

Wiki ile ratiba ilibandikwa upya ukutani kwa mwandiko wake. Zahanati saa tano mpaka saa tisa. Kengele ya saa kumi na nusu ilibaki pale pale, hakuigusa, ila anayeenda mitini atasali masifu njiani. Na nilisali. Kuna zaburi ambazo mpaka leo nikizisoma napata ile harufu.

Yule mama alimaliza dawa mwezi wa nane, makohozi yakapimwa safi. Siku ya mwisho akaomba kitu, nikadhani maziwa ya watoto. Alitaka lile boksi jekundu tupu. Anasema lina kifuniko kizuri, ataweka kadi yake ya mgao wa chakula na makaratasi ya shamba panya wasiguse.

Mahua yenyewe yalikuwa na mwenyewe, maana shida haikuwa kuokota tu. Mkopeshaji wa sokoni anakuja Aprili ananunua kwa bei ya kutupa, mwezi wa nane anawauzia wale wale kwa bei ya kukaba koo, na aliyekopa mbegu amelipa kwa mahua ambayo bado yako mtini. Kina mama walikuwa na kikundi chao cha akiba, rupia kumi kila wiki, wakaamua kununuliana wenyewe kwa wenyewe na kuhifadhi. Hapo ndo nilitoa mchango wangu pekee wa maana kutoka Tanzania, nikawaambia kwetu VICOBA sanduku lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti. Wakapenda. Fundi akatengeneza. Mkopeshaji alipita pale zahanati na pikipiki yake, akauliza kwa upole sana kama masista wameanza biashara.

Sio maneno ya kuchezea yale. Kwenye ukuta wa chumba chetu cha kulia kulikuwa na picha ya Sista Rani Maria, wa shirika la Wafransisko Waklara, aliyetoka Kerala kwenda Udainagar jimbo la Madhya Pradesh, alisaidia wakulima kuweka akiba watoke mikononi mwa wakopeshaji, na Februari 25 mwaka 1995 alichomwa visu ndani ya basi abiria wanaona. Aliyemuua, Samundar Singh, alifungwa, na mdogo wa marehemu, naye sista, alienda gerezani akamfunga rakhi mkononi, ule uzi ambao dada anamfunga kaka yake. Novemba 2017 Rani Maria alitangazwa mwenye heri pale Indore, mi nimesharudi nyumbani, nikaangalia kwenye simu mtandao unakata kata. Yule wa pikipiki alipoondoka Mkubwa aliitazama ile picha, afu akatuambia tusitembee peke yetu jioni. Basi, hakuongeza. Kikundi kikaendelea.

La nyoka nalo lilinifundisha, ingawa nalisema haraka maana bado linaniuma. Masika ya kwanza aliletwa binti wa miaka kumi na moja, aling'atwa na krait usiku amelala sakafuni, nyoka yule jino lake hulisikii hata, asubuhi kope zinalegea, tumbo linauma. Walianzia kwa mganga. Walipofika kwetu dawa ya sumu hatuna, mto umejaa, alifia njiani kwenda hospitali. Nilimchukia yule mganga hadharani. Sista Mzee hakumchukia, alienda kukaa barazani kwake, wiki kadhaa, wanakunywa chai, wanaongea habari za mizizi. Nilimuuliza unaongea naye nini yule. Akasema, "Usiku mtu aking'atwa, nani anaamshwa wa kwanza, mimi au yeye?" Mwaka uliofuata saa nane usiku tulisikia baiskeli inapiga kengele getini. Ni mganga, amembeba kijana mgongoni amemfunga kwa shuka, ameshamtuma mtu akatafute gari. Huyo alipona.

Nilirudi Tanzania mwaka 2015. Sasa hivi nipo Tunduru, na hapa ni korosho, mwezi wa kumi ukiingia mahudhurio ya kliniki yanashuka na nesi mwenzangu mpya anakuja analalamika kina mama wa siku hizi hawajali watoto. Nimemwambia kesho avae raba.

Kila Machi yule sista wa bweni, ambaye sasa ndo mkubwa wa nyumba ile, ananitumia sauti kwenye WhatsApp. Hasalimii. Mwaka huu zilikuwa dakika mbili nzima, ni tap, tap, tap tap, kwa mbali mtoto anakohoa, afu kishindo cha kwato, afu mama mmoja anamfukuza mbuzi kwa tusi la Kikurukh ambalo nalielewa vizuri sana ila siwezi kuliandika hapa.